GESI YETU HAIKUFICHWA, ILISUBIRI: Kwa Nini Kisima Huchimbwa Hapa, na Kule Kikaachwa



Ndugu zangu, somo la leo ni refu kidogo. Ukiwa na haraka, lihifadhi ulisome baada ya Isha ukiwa umetulia. Ni somo la historia, na linahusu mali iliyo chini ya miguu yetu na chini ya bahari yetu.

Swali limekuwa likinijia mara kwa mara, kutoka Unguja, Pemba, Mtwara, Lindi na Mafia. Maneno hutofautiana, maana ni moja: "Sheikh, ni kweli kwamba Wazungu waliyaona mafuta yetu zamani, wakayafunika kwa saruji, wakaondoka, wanasubiri waje wayachukue?" Wapo wanaolisema hili kwa yakini kabisa, kana kwamba walikuwepo. Babu aliona mtambo, mtambo ukang'olewa, saruji ikamwagwa, basi hadithi ikakamilika.

Mimi nasema tusiridhike na hadithi. Dini yetu imetufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuijengea hukumu. Tukiielewa vizuri sababu inayofanya kisima kichimbwe mahali fulani na mwaka fulani, tutajua pia wapi pa kuidai haki yetu. Asiyejua mlango uko wapi hupiga hodi ukutani mpaka mkono ukauma.

KWANZA: ARDHI YENYEWE INA MASHARTI YAKE

Watu wengi wanadhani mafuta yako chini kama ziwa, ukitoboa tu yanaruka. Sivyo. Mafuta na gesi vimo ndani ya mwamba, katika vitundu vidogo vidogo, mfano wa maji ndani ya sifongo. Ili vipatikane kwa wingi wa kufaa, mambo manne lazima yakutane mahali pamoja.

La kwanza, pawe na mwamba wenye mabaki ya viumbe vya kale yaliyofukiwa na kupikwa na joto la ardhi kwa mamilioni ya miaka. La pili, pawe na mwamba wenye vitundu wa kuyapokea. La tatu, juu yake pawe na mwamba mgumu usiopitisha kitu, kama kifuniko cha sufuria. La nne, miamba hiyo iwe imejikunja au imekatika kwa namna inayofanya mtego, ili mafuta au gesi isipenye pembeni ikapotea.

Likikosekana moja, umechimba bure. Ndiyo maana unaweza kuona dalili za mafuta juu ya ardhi na bado usipate kisima. Pemba pale Tundaua, na Wingayongo upande wa Rufiji, dalili hizo zinajulikana tangu zamani. Lakini mafuta yakivuja juu, maana yake inaweza kuwa sufuria ipo ila kifuniko kimepasuka.

Sasa tuingie kwenye historia. Mwaka 1952, kampuni za BP na Shell zilipewa haki ya kutafuta mafuta katika ukanda wa pwani ya Tanganyika pamoja na visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Walipima ardhi, wakatoboa mashimo madogo zaidi ya 100 ya kuisoma miamba, kisha wakachimba visima virefu vinne: kimoja Mafia, kimoja Unguja, kimoja Pemba, na kimoja bara katika eneo la Mandawa. Hawakupata cha kuwatosheleza. Mwaka 1964 wakarudisha eneo lote na kuondoka.

Na ile saruji? Sikiliza vizuri hapa. Kisima chochote kinachoachwa, kiwe na kitu au kikavu, huzibwa kwa saruji. Ni kawaida ya kazi hiyo duniani kote. Kikiachwa wazi, maji ya chumvi ya chini yatapanda na kuharibu maji matamu ya juu, na gesi kidogo iliyomo inaweza kuvuja na kuwaka. Kwa hiyo saruji aliyoiona babu ni kweli aliiona. Lakini saruji peke yake haishuhudii kwamba chini kuna hazina, kama kaburi lisivyokuwa dalili kwamba maiti alikuwa tajiri.

PILI: KISIMA KIKAVU SI HUKUMU YA MWISHO

Tuelewane lakini. Sisemi kwamba kisima kikavu maana yake hakuna kitu kabisa. Hapa nawapeleka Oman, nchi ambayo wengi wetu wa visiwani na pwani tuna wajomba na mashangazi huko.

Mwaka 1937, Sultani Said bin Taimur aliwapa haki ya kutafuta mafuta wale wa Iraq Petroleum Company, muungano wa kampuni kubwa za Ulaya na Marekani. Miaka ikapita. Vita Kuu ya Pili ikaja. Ilipoisha, njia za kwenda bara zilikuwa mikononi mwa makabila na ya Imamu wa Nizwa, na mtu wa Maskati hakuweza kupita apendavyo. Mgogoro wa miaka ya 1950 kati ya Sultani na Imamu ulikuwa na mambo mengi, na mojawapo lilikuwa hili: nani anaidhibiti njia ya kwenda Fahud, mahali ambapo wataalamu waliamini pana mafuta.

Wakafika Fahud, wakaanza kuchimba mwaka 1956. Kisima kikatoka kikavu. Wakachimba kwingine, hakuna la maana. Mwaka 1960 wengi wa washirika walichoka, wakajitoa, wakabaki Shell na mshirika mdogo aitwaye Partex. Hao wawili wakaendelea. Mwaka 1962 wakapata Yibal, 1963 wakapata Natih, na mwaka 1964 wakarudi Fahud, wakapata mafuta mengi. Ikaja kudhihirika kwamba kile kisima cha kwanza kilikosa mafuta kwa mita mia chache tu, kwa sababu kilikuwa upande wa pili wa mpasuko wa mwamba. Shehena ya kwanza ya mafuta ya Oman ilisafirishwa tarehe 27 Julai 1967.

Angalia mambo mawili. Mafuta hayakuongezeka kati ya 1956 na 1964, yalikuwa pale pale. Kilichobadilika ni mambo ya juu ya ardhi: njia ilifunguka, na palikuwepo mwenye mtaji aliyekubali kupoteza tena. Kampuni iliyoondoka Oman mwaka 1960 haikuwa imeficha kitu. Ilipiga hesabu ikaona hasara, na hesabu yake ikawa na kosa.

TATU: GESI YA SONGO SONGO ILIYONGOJA MIAKA 30

Turudi nyumbani. Baada ya BP na Shell kuondoka, serikali ya Tanzania ikaanzisha Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC. Kampuni ya Italia, AGIP, ikapewa maeneo yale yale yaliyoachwa. Mwaka 1974, katika kisiwa cha Songo Songo mbele ya Kilwa, wakapata gesi.

Kumbuka mwaka huo. Mwisho wa 1973, baada ya vita vya Waarabu na Israeli, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mara nne, kutoka dola 3 hivi kwa pipa hadi karibu dola 12. Dunia nzima ilikuwa inahaha kutafuta mafuta. AGIP nao walikuja kutafuta mafuta. Walipoona ni gesi, hawakuiendeleza. TPDC ikaendelea yenyewe kuchimba visima vya kuthibitisha, na ikajulikana kwa yakini kwamba gesi ipo na inafaa.

Kisha ikakaa. Mwaka 1982 gesi nyingine ikaonekana Mnazi Bay, Mtwara. Nayo ikakaa.

Kwa nini? Hapa ndipo kwenye moyo wa somo. Mafuta ukiyapata unayatia kwenye meli, unayauza popote. Gesi haina tabia hiyo. Gesi inataka bomba, na bomba linataka mnunuzi mkubwa upande wa pili, atakayenunua kila siku kwa miaka 20. La sivyo uigeuze kuwa kimiminika kwa baridi ya nyuzi 160 chini ya sifuri mpaka ujazo wake upungue takriban mara 600, ndipo uipakie kwenye meli maalumu. Mtambo wa kazi hiyo ni mabilioni ya dola. Gesi bila mnunuzi ni kama ng'ombe mwenye maziwa mengi katika kijiji kisicho na barabara.

Katika miaka ya 1970 na 1980 Tanzania haikuwa na mnunuzi huyo. Umeme ulitoka kwenye maji: Kidatu, kisha Mtera. Palikuwa na mpango wa kiwanda cha mbolea Kilwa kitumie gesi ile. Mtaji haukupatikana, mpango ukafa.

Kilichoiamsha gesi ya Songo Songo ni ukame. Mapema miaka ya 1990 mabwawa yalipungua maji, Dar es Salaam ikaingia gizani kwa mgawo, viwanda vikasimama. Hapo ndipo serikali na wakopeshaji walipoitazama gesi kwa macho mengine. Hata hivyo mazungumzo ya mikataba na mikopo yalichukua miaka. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake mwaka 2001. Bomba likajengwa: kilomita 25 chini ya bahari na kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo. Mwaka 2004 gesi ikafika Dar es Salaam, ikaendesha mitambo ya umeme na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill.

Hesabu: kutoka 1974 hadi 2004 ni miaka 30. Mtoto aliyezaliwa Songo Songo siku gesi ilipoonekana alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake siku bomba lilipofunguliwa. Gesi haikufichwa. Kila mtu serikalini aliijua, iliandikwa kwenye vitabu vya mipango. Ilikosa mnunuzi, ikakosa mkopo, ikakosa bomba. Na vilipopatikana, kwa miaka mingi iliyofuata zaidi ya nusu ya umeme wa nchi ilitokana na gesi asilia.

NNE: BEI HUWAPELEKA WATU KWENYE KINA KIREFU

Sasa mtu atauliza: mbona baada ya 2010 ghafla meli za kuchimba zilijaa baharini, na kila wiki ilitangazwa gesi mpya?

Jibu ni bei pamoja na ufundi. Kuchimba kwenye bahari yenye kina cha zaidi ya mita 1,000 kunahitaji meli maalumu, na kisima kimoja kinaweza kufika dola milioni 100. Hakuna mwenye akili atakayetumia fedha hizo pipa likiwa dola 20. Lakini bei ilipanda miaka ya 2000, na kuanzia 2011 hadi katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100 kwa muda mrefu. Hapo bahari ya kina kirefu ya Lindi na Mtwara ikawa na maana.

Mwaka 2010 kampuni ya Ophir ikapata gesi katika kisima walichokiita Pweza. Mwaka 2012 Statoil ya Norwei pamoja na ExxonMobil wakapata Zafarani. Vikafuata vingine vyenye majina ya samaki na viungo vyetu wenyewe. Makadirio ya gesi iliyopo nchini yakafika futi za ujazo trilioni 57. Wakati huo huo, ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji ilipata gesi nyingi zaidi ya hiyo.

Mji wa Mtwara ukabadilika. Viwanja vikapanda bei, hoteli zikajengwa, vijana wakaenda kusomea mambo ya gesi. Kisha katikati ya 2014 bei ikaanza kuanguka, na Januari 2016 pipa likashuka chini ya dola 30. Meli zikaondoka. Mwenye hoteli akabaki na vyumba, na kijana akabaki na cheti.

Mradi mkubwa wa kugeuza gesi kuwa kimiminika pale Likong'o, Lindi, nao umepita humo humo. Wananchi waliambiwa ardhi yao inachukuliwa, wakasubiri fidia miaka kadhaa hadi ikaanza kulipwa 2020. Serikali ilisimamisha mazungumzo na kampuni mwaka 2019 ili kuipitia mikataba. Mwanzoni mwa 2021 Equinor, jina jipya la Statoil, ikafuta katika vitabu vyake karibu dola bilioni 1 ya thamani ya mradi huo. Kisha Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, Ulaya ikahangaika kutafuta gesi isiyotoka Urusi, na Juni mwaka huo huo makubaliano ya awali ya mradi wa Lindi yakasainiwa.

Hebu litafakari hili. Vita vya Ukraine viliigusa meza ya Likong'o. Mkulima wa korosho wa Lindi hana habari na Kiev, lakini kiwanja chake kimo ndani ya hesabu ile.

TANO: SHERIA HUFUNGA HATA PANAPODHANIWA PANA KITU

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, hili ni lenu zaidi.

Mwaka 1964 Hati za Muungano hazikutaja mafuta. Mwaka 1968 mafuta na gesi asilia viliongezwa katika orodha ya mambo ya Muungano. Miaka mingi hilo halikuwa na uzito kwa sababu hapakuwa na kisima. Lakini mwaka 2002 Shell ilipopewa vitalu vinne baharini upande wa visiwa, swali likaja juu: nani mwenye kusaini, na mapato yagawanywe vipi? Hakukuwa na jibu lililokubaliwa na pande zote. Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi likaazimia kwamba mafuta yaondolewe katika mambo ya Muungano. Kampuni ikakaa na karatasi yake, miaka ikapita bila kisima hata kimoja.

Sheria ya Petroli ya 2015 ndiyo iliyoiachia Zanzibar isimamie shughuli zake yenyewe, na mwaka 2016 Zanzibar ikapitisha sheria yake ya mafuta na gesi. Oktoba 2018 ikasaini mkataba na RAK Gas ya Ras al-Khaimah kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar. Kusaini si kuchimba, na kuchimba si kupata. Lakini mlango wa sheria angalau ulifunguka.

Kwa hiyo anayesema Zanzibar haikuchimbwa miaka ile kwa sababu ya saruji ya BP, ameacha sababu kubwa iliyo wazi. Mwekezaji haweki dola milioni mia mahali ambapo hajui nani ni mwenye nyumba.

SITA: NJIA NA AMANI

Mambo mawili mafupi, kisha tufike kwenye hitimisho.

Uganda ilipata mafuta kando ya Ziwa Albert mwaka 2006. Mafuta yenyewe yana nta nyingi, yakipoa huganda. Lazima bomba lipashwe joto njia nzima, kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. Kenya nayo iliitaka njia hiyo ipite kwake hadi Lamu. Mwaka 2016 Uganda ikachagua Tanga, na gharama pamoja na usalama wa njia ni miongoni mwa mambo yaliyopimwa. Uamuzi wa mwisho wa kuweka fedha ulitolewa Februari 2022. Tena miaka 16 ilikuwa imepita.

Na Msumbiji, Cabo Delgado, jimbo la Waislamu wengi, watu wanaozungumza Kimwani, Kimakua, Kimakonde na Kiswahili pia, ndugu zetu wa damu. Vita vilianza Oktoba 2017 Mocímboa da Praia. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ukashambuliwa, watu wengi wakauawa, maelfu wakakimbia kwa miguu na kwa majahazi. Mwezi uliofuata TotalEnergies ikatangaza kusimamisha mradi wake wa dola bilioni 20. Lakini mtambo mwingine, wa Eni, ulikuwa unaelea baharini mbali na fujo za nchi kavu. Huo ukaanza kusafirisha gesi Novemba 2022.

Umeiona hiyo? Gesi inaweza kuendelea kutoka huku watu wa pwani wakiwa kwenye mahema. Palipokosa amani mradi wa nchi kavu ulisimama, ule wa majini ukaendelea, na mwananchi akaachwa ufukweni. Wanaowaambia vijana kwamba bunduki itawarudishia gesi yao wawaonyeshe basi ni kijiji kipi cha Cabo Delgado kilichonufaika kwa bunduki. Hakipo. Na kuua raia wasio na hatia hakujawahi kuwa jihadi.

SABA: MTWARA, NA SWALI LA NANI MWENYE MALI

Siwezi kuyapita ya Mtwara. Desemba 2012 watu waliandamana kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. "Gesi haitoki," walisema. Tarehe 22 Mei 2013, baada ya bajeti ya Wizara ya Nishati kusomwa na kuthibitisha kwamba bomba linajengwa, ghasia zikazuka. Watu walipoteza maisha, nyumba na ofisi zikachomwa, jeshi likaingia. Bomba lilijengwa kwa mkopo wa dola bilioni 1.2 hivi kutoka China, likakamilika 2015.

Wapo waliowaita watu wa Mtwara wajinga na wabaguzi. Mimi siwaiti hivyo. Mikoa ya kusini ilikaa miongo mingi bila barabara ya uhakika, bila umeme wa kutegemewa, ikiambiwa isubiri. Mtu aliyesubiri hivyo akiona mali yake ya kwanza inatiwa kwenye bomba, ana haki ya kuuliza. Aliyechoma nyumba ya mtu alidhulumu. Aliyeuliza swali hakudhulumu, na alistahili kujibiwa kabla ya bomba kuchorwa.

Katika sheria yetu kuna kisa kinachogusa jambo hili moja kwa moja. Wamepokea Abu Dawud na Tirmidhi kwamba Abyad bin Hammal alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akaomba apewe chumvi ya Maarib kule Yemen. Akapewa. Alipoondoka, mtu mmoja akaeleza kwamba chumvi ile ni mfano wa maji yasiyokatika, kila mtu anaifikia. Mtume akairudisha, haikubaki mali ya mtu mmoja. Wanazuoni wakajenga juu yake hukumu ya madini: yaliyo dhahiri na yanayohitajiwa na watu wote hayamilikishwi mtu binafsi. Na wanazuoni wa Kimaliki wakasema usimamizi wa madini ni wa kiongozi kwa maslahi ya Waislamu, hata yakiwa chini ya shamba la mtu.

Kisa hiki kina pande mbili. Kinamwambia mtu wa Mtwara kwamba gesi si yake peke yake, mgonjwa wa Kigoma ana fungu ndani yake. Na kinamwambia mwenye kalamu ya kusaini kwamba si yake hata kidogo. Ni amana. Na ikibainika kwamba kilichotolewa ni kikubwa kuliko ilivyodhaniwa, kurudi nyuma na kurekebisha si aibu.

TUFANYE NINI?

Nayafupisha katika mambo manne.

Moja: acha kuulizia saruji, ulizia mkataba. Katika mikataba ya kugawana uzalishaji, kampuni hurudisha kwanza gharama zake kutoka kwenye mauzo, kisha kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Kwa hiyo anayekagua gharama ndiye anayelinda fungu lako. Gharama zikiongezwa uongo, serikali itagawana mifupa. Muulize mbunge wako: nani alikagua, na mwaka gani?

Mbili: kuna fedha za karibu. Halmashauri ambako kazi inafanyika hutoza ushuru wa huduma wa asilimia ndogo ya mauzo. Ni kidogo kwa kutajwa, lakini gesi ikiuzwa kwa mabilioni, hujenga zahanati. Hudhuria mkutano wa kijiji na kata. Uliza imeingia kiasi gani, imekwenda wapi.

Tatu: usiuze shamba la mikorosho kwa ahadi ya kisima. Umeona miaka 30 ya Songo Songo, umeona bei ilivyowaacha watu Mtwara. Mkorosho huzaa kila mwaka. Gesi husubiri bei, mnunuzi, bomba, sheria na amani, vyote vikutane. Ukiambiwa "mwakani," hesabu muongo.

Nne: wasomeshe watoto sheria, uhasibu na jiolojia. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Umma uliopewa aya hiyo haupaswi kuwa na vijana wanaojua kila uvumi wa kisima cha Pemba na hawajui kusoma ukurasa mmoja wa mkataba.

Walioondoka mwaka 1964 hawakuzika hazina yetu. Watakaosaini kesho ndio wanaoweza kuizika, kwa wino, na wataisaini mchana kweupe, mbele ya kamera, huku sisi tukibishana kuhusu saruji ya babu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa Mtwara na Palma, awape wajane na mayatima wao riziki ya halali, na awape viongozi wetu khofu ya siku watakayoulizwa juu ya amana.

Wallahu a'alam. Msomee na mwenzako.